Siku Niliyokamatwa na Michembe Kisarawe

Nyie mnaosoma haya mkiwa na simu mkononi, najua mtakachosema. Mtasema bibi huyu alikuwa anajihangaisha bure, si angeandika tu kwenye grupu kwamba anatafuta kitu fulani, bodaboda akakileta kabla maji hayajachemka. Haya. Andikeni leo kwenye grupu lenu kwamba mnatafuta mvuje. Mtaletewa udaku, salamu za asubuhi na picha ya keki ya mtu. Mkishachoka rudini hapa tuongee.

Naitwa Zena. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa mnunuzi wa jikoni kwenye chuo kimoja cha mafunzo pale Kibaha. Mpishi akitaka kitu, mimi ndiye wa kukitafuta. Nyanya na vitunguu sivihesabu kama kazi, maana vinakuja vyenyewe mpaka mlangoni. Kazi ilianza walipokuja wageni wa kozi kutoka huku na kule, kila mmoja na tumbo lake, na kila tumbo lina kumbukumbu ya kwao.

Mpishi mkuu wetu alikuwa Mzee Shija, Msukuma wa Shinyanga, mtu mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliyejenga na kuhamia Pangani yetu hii ya Kibaha. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Sasa, Wazaramo na Wasukuma ni watani, na kama hamkufundishwa hilo nyumbani basi wazazi wenu wamewanyima raha. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akabeba kuku wako mchana kweupe, na ukikasirika wewe ndiye unayeonekana huna adabu. Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia kwa heshima zote, shikamoo mzee, akaitikia marahaba, kisha akawauliza wenzangu nani amemleta jikoni Mzaramo wakati hakuna ngoma. Nikamwambia nimeambiwa kuna Msukuma anapotea kati ya jiko na stoo, nimekuja kumwonyesha njia. Tukawa marafiki kuanzia dakika hiyo.

Urafiki haukumzuia kunifundisha kazi kwa ukali. Wiki ya pili alinituma majani ya mchaichai kwa ajili ya chai ya wageni. Nikaenda soko la Maili Moja, nikakosa. Nikaenda mpaka Mlandizi, nikakosa. Nikarudi na hadithi nzuri sana yenye mvua, gari bovu na mama mmoja aliyeniambia nije kesho. Mzee Shija alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha akachukua sahani safi, akaiweka mezani mbele yangu, tupu, na uma pembeni.

"Kula maelezo yako," akasema. "Mimi usiniletee maelezo. Niletee kitu."

Mchaichai wenyewe ulikuwa umejaa nyuma ya bweni la wanachuo, umepandwa na mlinzi kuzuia mbu. Nilikuwa nimeupita mara mbili siku hiyo hiyo nikikimbilia gari la Mlandizi.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. La kwanza, usimuulize mwenye duka kama anacho kitu. Atakwambia kimekwisha jana, hata kama hajawahi kukiona tangu azaliwe, kwa sababu hataki uondoke ukidhani duka lake ni dogo. Muulize anakipika vipi. Anayekijua ataanza kukufundisha hapo hapo, na utajua umefika. Asiyekijua atakuuzia sabuni. La pili, iliki usiiamini kwa kuiangalia, itafune moja mbele ya muuzaji, na nazi itikise sikioni hata kama watu wanakucheka. La tatu nitalisema hivi hivi bila kulipamba: kitu adimu hakikai sokoni, kinakaa kwa mtu. Ukitaka kitu cha watu fulani, tafuta watu wenyewe, uliza wanasali wapi, wanakutana wapi, nani kati yao ana mama mzazi aliyekuja kukaa naye. Wamama wazazi hawasafiri mikono mitupu.

Na wakati mwingine kitu kipo mbele ya macho yako, ila kimevaa nguo nyingine. Ndiyo habari ya mvuje.

Alikuja mkufunzi kutoka India, mtu mpole, mwenye masharubu mazito, asiyekula kitunguu wala kitunguu saumu. Dengu alizopikiwa akawa anazizungusha tu kwenye sahani. Mzee Shija akaenda kumhoji kwa ishara na Kiingereza cha jikoni, akarudi na kipande cha karatasi na maelezo kwamba ni utomvu mkavu, unanuka vibaya sana, ukikaangwa unakuwa mtamu. Nikatembea na karatasi ile siku nne. Nimepita kila duka la viungo, watu wananionyesha bizari. Siku ya tano nimeenda kwa jirani yangu aliyejifungua, nimembeba mtoto, pua yangu ikagota kwenye kifundo cha kitambaa mkononi mwake. Nikanusa tena. Kinanuka vibaya sana.

Ilikuwa mvuje. Mvuje huu huu tuliofungwa sisi sote utotoni ili mashetani yatukimbie. Nikaenda moja kwa moja kwa mzee anayeuza ubani na dawa za asili, nikamwambia nipe mvuje, na usinipe kidogo. Akanitazama kwa huruma.

"Mtoto ana miezi mingapi?"

Nikamwambia mtoto ana masharubu. Mzee akaongeza kipande kingine bila kuuliza zaidi.

Mzee Shija alipoutia kwenye mafuta ya moto, harufu ikapanda, na wasaidizi wawili wa jikoni, wote watu wa Mlandizi, wakatoka nje wakisoma dua. Mmoja hakurudi mpaka kesho yake, akasema kwao mvuje ukichomwa maana yake kuna mtu amepandisha mashetani, na yeye hakutaka kujua ni nani. Mkufunzi alikula sahani tatu. Mpaka leo sijui kama masharubu yale yalikuwa na mashetani, lakini kama yalikuwa nayo, yaliondoka.

Nawachekesha ili mnisikilize, kwa sababu ninalotaka kuwaambia hasa ni la michembe.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikakamaa. Usukumani ni chakula cha akiba, hupikwa na karanga zilizotwangwa, au mtu hunywea chai. Mzee Shija alikuwa ameshastaafu, mimi nimebakiza mwaka mmoja, alipolazwa hospitali ya Tumbi. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo, ukaenda vizuri. Tatizo likawa kula. Siku ya kwanza akakataa uji, siku ya pili supu, siku ya tatu akamwambia binti yake, Kabula, amwondolee hata maji. Mtu aliyelisha Kibaha nzima, sasa anageukia ukutani akiona kijiko. Daktari akamwambia Kabula kwamba kidonda hakiponi kwenye mwili usiokula, asipokula hali itakuwa mbaya.

Nilikwenda jioni ile. Nikamtukana kama kawaida, nikamwambia amelala kwenye kitanda kifupi kusudi serikali imwonee huruma. Hakunijibu. Miaka yote hiyo sijawahi kumtupia Mzee Shija neno likadondoka chini bila kuokotwa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote kazini.

Kabula akanisogeza kando, akaniambia alfajiri ile baba yake alitaja kitu kimoja tu, michembe na karanga, kama alivyopika mama yake.

Sasa hapo ndipo kazi. Nilipiga simu Shinyanga kwa ndugu zake, wakasema wanatuma kwa basi, mzigo utafika Jumamosi. Ilikuwa Jumanne. Nikapita kwa Wasukuma wote wa Pangani, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba walikuwa wameimaliza, na kila nyumba walinikalisha nusu saa wakinisimulia jinsi ilivyokuwa mitamu. Maili Moja wakaniuliza kwa nini nataka viazi vikavu wakati vibichi vipo. Nikalala na maelezo mazuri sana, nikikumbuka ile sahani tupu.

Alhamisi asubuhi akanipigia mdogo wangu Mwajuma, anayeishi Kisarawe. Nilikuwa nimemwambia afungue macho. Akasema nyuma ya ofisi za wilaya, nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba, ameona juu ya banda la kuku kumeanikwa vitu vyeupe, alidhani ni makopa ya muhogo, alipokaribia akaona ni viazi. Sikuvaa hata hereni. Nikapitia Pugu, nikapanda kile kilima cha Kisarawe na kikapu changu, na kufikia saa nne nilikuwa mbele ya banda lile. Michembe ilikuwa imetandazwa juu ya bati zima, inapiga mlio mkavu nilipoigusa.

Nikabisha hodi mara tatu. Kimya. Nikabisha dirishani. Kimya.

Hapa nawaomba mnielewe. Mtu anayeanika michembe Kisarawe ni nani? Kichwani mwangu jibu lilikuwa moja tu, Msukuma. Na Msukuma ni mtani wangu, na mali ya mtani hailindwi. Wala sikuiba kimya kimya, maana kuchukua mali ya mtani kimya kimya ndio wizi. Nilichukua kwa heshima zake, yaani kwa kelele. Nikajaza kikapu huku natangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba Wasukuma njooni, mtani wenu amekuja kuchukua haki yake, nyie mliokuja pwani mkashangaa bahari mkadhani ni lambo la ng'ombe.

Akatoka mama mmoja mnene nyuma ya nyumba, kanga kifuani, sabuni bado sikioni. Akasimama.

"Mama, unafanya nini?"

Nikafurahi. Nikajua mchezo umeanza. Nikamwambia anyamaze, aingie ndani akanichemshie chai, maana nimetoka mbali kuja kumpunguzia mzigo. Hakucheka. Nikaongeza, nikamwambia sabuni ile asiimalize, Wasukuma wengine nao wanaisubiri. Hakucheka. Akatembea taratibu mpaka getini, akafunga kwa kufuli, akaweka ufunguo kifuani, akachukua simu akampigia mwenyekiti wa mtaa.

Hata hapo, wanangu, nilikuwa bado natabasamu. Nikawaza huyu mtani anajua kuigiza.

Mwenyekiti alifika akiwa na nusu ya mtaa nyuma yake. Alikuwa Mzee Mwinshehe, aliyesoma madrasa moja na marehemu baba yangu, na aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua. Akanitazama mimi, akatazama kikapu. Nikamwamkia. Akaitikia kwa shida. Nikamweleza kwamba hakuna ubaya, ni utani tu na mama huyu Msukuma. Mzee Mwinshehe akamgeukia yule mama.

"Mama Masatu, wewe mtu wa wapi?"

"Musoma. Mimi Mjita."

Moyo ulishuka mpaka kwenye kandambili. Kumbe viazi hukauka hata Musoma, jua ni lile lile. Mumewe alihamishiwa Kisarawe kikazi miaka mingi iliyopita, wakajenga. Mzee Mwinshehe akavua kofia yake, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Zena binti Salumu," akasema, "sisi na Wajita tumeanza kutaniana lini?"

Watu walicheka, na kicheko kile hakikuwa changu. Mwanamke mzima, mtumishi, nywele nyeupe, nimekamatwa na kikapu cha viazi vya watu juu ya banda la kuku, tena kwetu nilikozaliwa. Nilitamani kuingia humo bandani nikaangue mayai. Nikaketi chini kwenye mchanga na, sioni haya kuwaambia, nikalia. Nikamwambia mama yule ukweli wote. Kwamba kuna mzee Tumbi, siku ya tano hajala. Kwamba alinifundisha kazi. Kwamba hajibu matusi yangu. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa machozi, na ndilo lililomgusa, ingawa sidhani alilielewa.

Mama Masatu akafuta ile sabuni sikioni. Kisha akauliza, "Nani atampikia?"

Nikasema mimi.

"Ulishawahi kuipika?"

Nikasema sijawahi, ila sioni ugumu wake, nitaichemsha, nitie na tui la nazi kidogo.

Akaninyang'anya kikapu. Akamwambia mwenyekiti kwamba wizi ameshausamehe, lakini tui la nazi hawezi kulisamehe. Akaingia ndani. Tukasikia kinu. Alitwanga karanga, akapika michembe ile mwenyewe, akaitia kwenye hotpoti, akajifunga kitenge kizuri, akatoka. Hakuniachia hotpoti hata mara moja njiani. Kila nilipoinyooshea mkono aliihamishia paja la pili, akisema mikono yangu anaijua.

Saa tisa tulikuwa wodini. Muuguzi alikubali, akasema ale taratibu, kidogo kidogo. Kabula akafungua hotpoti karibu na mto wa baba yake. Mzee Shija alikuwa ameelekea ukutani. Harufu ya karanga ikamfikia. Mgongo ukatikisika kidogo, kama mtu aliyeitwa jina kwa mbali. Akageuka.

Akala kijiko kimoja. Akafumba macho, akatafuna kwa muda mrefu. Akala cha pili. Cha tatu akakishika mwenyewe. Kabula alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio. Mzee Shija akanitafuta kwa macho, na sauti ikatoka, nyembamba, lakini ni yake.

"Hii si ya Shinyanga. Hii ni ya ziwani." Akameza. "Mzaramo, hata kuiba umeingia nyumba siyo."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Ulimi wa mpishi uliijua michembe ilikotoka, na mimi alinijua kuliko michembe. Nikacheka mpaka muuguzi akanitoa nje. Huko nje nikalia tena, lakini kilio cha aina nyingine.

Mzee Shija alipona. Ule mzigo wa Shinyanga ulipofika Jumamosi aliula wote, akadai ule wa Musoma ulikuwa na chumvi kidogo. Na Mama Masatu, baada ya kushauriana na mtu nisiyemjua, aliamua kwamba mtu akishakuibia mbele ya mwenyekiti wa mtaa mnakuwa watani kisheria. Anakuja kwangu akichoka kukaa Kisarawe, anaokota nazi zangu, anatangaza kwa sauti, anaondoka. Mchanganyiko huo wa Mjita na Mzaramo hauko kwenye mila yoyote. Upo kwangu tu.

Mzee Shija aliishi miaka sita mingine. Alikufa usingizini, nyumbani kwake Pangani, ameshiba. Ndugu zake walishuka na basi usiku kucha, wakiwa na mizigo yao. Siku ya maziko, jeneza lilipofika kaburini, pale nyuma ya nyumba yake, nilifanya lililo wajibu wa mtani. Nikatandika kanga yangu mbele ya shimo, nikajilaza, nikasema Msukuma huyu hazikwi mpaka nilipwe haki yangu. Watu wakacheka na machozi yao. Kaka yake mkubwa akauliza mtani anataka nini. Nikasema michembe.

Nilidhani nimewaweza. Mama mmoja wa Shinyanga akaingia ndani, akatoka na kiroba kizima, akakiweka miguuni pangu. Haikuchukua hata dakika mbili. Mimi niliyezunguka Kibaha yote kutafuta kikapu kimoja, leo nimeletewa kiroba, na wa kumpelekea yuko kwenye sanduku.

Nikainuka. Nikafungua kiroba, nikatoa kipande kimoja, nikakinusa. Mama Masatu alikuwa pembeni yangu, akanishika kiwiko nisije nikaanguka. Jeneza likateremshwa, na wenzangu walipochukua udongo, mimi nikarusha kile kipande. Mchungaji akajifanya anatafuta ukurasa.

"Mzee Shija," nikamwambia, "sikukuletea maelezo. Na hii ni ya Shinyanga, usianze."